Aya zangu kuhusu Magofu ya Tongoni zimeondolewa: nimekosea wapi?

Mwalimu wa Chumbageni ameuliza:

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Ninafundisha somo la historia katika shule ya sekondari hapa Tanga mjini, na kwa wiki mbili hivi nimekuwa nikijifunza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili. Nilianza kwa kusahihisha tahajia katika makala za miji ya pwani, hakuna aliyenisumbua, nikapata moyo. Ijumaa iliyopita nikaona nifanye kazi kubwa zaidi, nikaongeza aya nne na picha moja kuhusu Magofu ya Tongoni, zote kwa mkupuo mmoja. Nililala nikiwa na furaha. Asubuhi nilipofungua simu nikakuta aya tatu na picha vimeondolewa, na aya ya nne imebaki sentensi mbili tu, zile zinazosema kwamba Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, ambazo nilikuwa nimezitolea kitabuni na kukitaja kitabu chenyewe.

Nieleze yaliyoondolewa ili mnisaidie kwa haki. Aya ya kwanza ilianza hivi: "Magofu ya Tongoni ni hazina adhimu na ya kipekee ambayo kila Mtanzania anapaswa kujivunia na kuitembelea." Ya pili niliitoa katika tovuti moja ya utalii, nikabadilisha maneno mawili matatu, na picha nayo ilitoka hukohuko. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniuma, ilihusu mambo niliyoyapokea kwa bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa na kuzeekea jirani na magofu hayo. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitupeleka asubuhi na mapema, chetezo mkononi, ubani umefungwa kwenye pindo la kanga, akatuonyesha kaburi ambalo watu wa ukoo wake waliliendea kuomba dua mvua zilipochelewa. Akatueleza pia ni nani aliyezikwa pale, kama yeye alivyoelezwa na mama yake. Niliandika yote hayo, pamoja na jina la marehemu. Mhariri aliyeyaondoa aliacha maneno mawili: "Hakuna chanzo."

Je, bibi yangu si chanzo? Na kama si chanzo, mambo ambayo wazee wa Tongoni wanayajua na hayamo kitabuni yaandikwe vipi? Naomba pia kufahamishwa kama nimefungiwa, maana nilizirudisha aya zangu mara mbili na mara zote mbili zikaondolewa, kisha nikaletewa ujumbe kwenye ukurasa wangu wa majadiliano ambao mpaka sasa sijaujibu, kwa kuwa sijui hujibiwaje.

Mhariri wa Pangani amejibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Pole, na karibu sana.

Kwanza ondoa hofu: hujafungiwa. Aliyefungiwa hukuta taarifa ya kufungiwa kila anapojaribu kuhariri, ikiwa na sababu na muda. Ujumbe ulioletewa ni wa kukuzindua tu, nao hujibiwa palepale ulipoandikwa. Fungua ukurasa huo, andika jibu lako chini ya ujumbe, na mwishoni weka alama nne za wimbi, yaani ~~~~, ambazo ukishahifadhi zitageuka kuwa jina lako pamoja na saa na tarehe. Sahihi hiyo huwekwa katika kurasa za majadiliano peke yake. Ndani ya makala haiwekwi, kwa sababu makala haina mwenyewe, hata kama neno la kwanza mpaka la mwisho liliandikwa na mtu mmoja.

Pili, hakuna kilichopotea. Kila makala ina ukurasa wa historia ambamo kila toleo limehifadhiwa tangu siku makala ilipoanzishwa. Ukilinganisha matoleo mawili utaona maneno yaliyoongezwa, yaliyopunguzwa, aliyefanya hivyo na muhtasari aliouandika. Zichukue aya zako humo, uziweke katika ukurasa wa mazoezi chini ya jina lako la mtumiaji, uzifanyie kazi bila kuharakishwa na mtu.

Lakini kuzirudisha mara mbili bila kusema neno hakukuwa sahihi. Katika Wikipedia ya Kiingereza iko kanuni inayomkataza mhariri kutengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika makala moja ndani ya saa 24, na anayeivunja huweza kufungiwa. Kila lugha ina jumuiya yake inayojipangia taratibu zake, ila desturi hii ni ya wote: ukitenguliwa, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, eleza unachotaka kuongeza na sababu yake, kisha subiri. Kwa upande wa Kiswahili huenda ukasubiri siku kadhaa. Wahariri wetu ni wachache, na wakabidhi, ambao ndio wenye kazi ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu, wanajitolea kama mimi na wewe.

Sasa tuichukue sentensi yako ya kwanza. Ukiondoa humo "adhimu", "ya kipekee" na "anapaswa kujivunia", msomaji anabaki hajui Tongoni ni nini wala iko wapi. Jaribu namna hii: "Magofu ya Tongoni ni mabaki ya msikiti na makaburi yapatayo 40, takriban kilomita 20 kusini mwa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Baadhi ya makaburi hayo yamejengewa nguzo za mawe." Mtu wa Mbeya au wa Mombasa ambaye hajafika akisoma hapo ataviona vitu vyenyewe, na kama ni vya kujivunia ataamua mwenyewe. Kanuni inayohusika inatutaka tusielemee upande, nayo haikukatazi kuipenda Tongoni. Inakukataza kumwamulia msomaji. Ukipata mwanaakiolojia aliyeandika kwamba Tongoni ina makaburi mengi ya nguzo kuliko mahali pengine, weka kauli hiyo, mtaje aliyeisema, na utaje kitabu na ukurasa. Hapo utakuwa umesema jambo kubwa kuliko "adhimu", tena jambo ambalo mtu hawezi kuliondoa kirahisi.

Kuhusu aya ya pili nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: ile ilistahili kuondolewa siku ileile, na mimi ningefanya hivyohivyo. Kubadilisha maneno mawili matatu si kuandika upya. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, ambayo humruhusu mtu yeyote duniani kuyachukua, kuyabadilisha, hata kuyauza, mradi awataje waandishi na aendeleze masharti yaleyale. Mimi na wewe hatuwezi kuwagawia watu ruhusa juu ya mali ya mwingine. Soma, funga ulichosoma, kisha andika kwa maneno yako, na bado utaje ulikosoma. Picha ni vilevile. Wewe uko Tanga, magari yaendayo Pangani yatakushusha njiani. Piga picha zako mwenyewe, asubuhi kabla jua halijawa kali, uzipakie Wikimedia Commons, yaani ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwa jina lako. Jua tu kwamba ukishazitoa kwa leseni hiyo huwezi kumzuia mwenye hoteli kuzitumia katika tangazo lake.

Suala la bibi namwachia Mama Mkutubi, ambaye analijua kuliko mimi.

Mkutubi mstaafu, Ngamiani, amejibu:

Mwanangu Mwalimu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, maana ni swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingine katika miaka yote niliyokaa maktaba.

Kanuni haisemi kwamba bibi yako ni mwongo, wala haisemi kwamba kilichochapishwa ni kweli. Inasema kwamba kila jambo liwe na mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kwenda kuliangalia. Mwanafunzi wa Kisumu akikuta tanbihi inayotaja kitabu, atakitafuta, na asipokipata leo atakipata mwakani. Akikuta "bibi yangu aliniambia", ataishia hapo. Tena fikiria jinsi kazi hii ilivyopangwa: tangu Wikipedia ilipoanza, tarehe 15 Januari 2001, mtu yeyote anaweza kuandika, na wengi hutumia majina ya kubuni. Darasani wanafunzi wanakuamini kwa sababu wanakujua. Kule hakuna ajuaye kama mwandishi ni mwalimu wa historia au ni mtu anayejifurahisha. Kwa kuwa mwandishi hawezi kuaminiwa kwa sura yake, imani yote imewekwa kwenye chanzo. Ndiyo sababu pia haipokei utafiti mpya. Jambo sharti liwe limeshatolewa mahali pengine, na watu wanaoweza kuulizwa, ndipo liingizwe humo.

Hilo ninalikubali, na bado linaniuma kama linavyokuuma wewe. Mwingereza Richard Burton alipita Tongoni mwaka 1857, akaandika aliyoyaona, na mpaka leo maneno yake yanawekewa tanbihi, ilhali bibi yako aliyefagia majani juu ya makaburi yale maisha yake yote hana pa kutajwa. Si sisi pekee tulioliona pengo hili. Mwaka 2011 kulifanyika jaribio huko India na Afrika Kusini, ambako watu walirekodi mazungumzo na wenyeji kuhusu mambo yasiyo na maandishi, kama michezo ya watoto na desturi za vijijini, kisha wakazitumia sauti hizo kama vyanzo vya makala. Mjadala ulikuwa mkubwa, na kanuni ya kutopokea utafiti mpya ikabaki pale ilipokuwa.

Kwa hiyo igawe aya yako mafungu mawili. Kwamba watu wa pwani huendelea kufanya dua na matambiko katika magofu ya kale ni jambo ambalo wanaakiolojia wameshaliandikia. Nenda maktaba, ulizia tasnifu na majarida ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizia na machapisho ya Idara ya Mambo ya Kale. Ukipata linalohusu Tongoni, sehemu ya ubani na dua ya mvua itarudi kwenye makala ikiwa na miguu ya kusimamia. Usiongeze juu yake yale usiyoyakuta humo, hata kama unajua ni kweli, kwa kuwa tanbihi huibeba sentensi iliyo mbele yake, na ukichanganya yako na ya mtafiti utakuwa umemsemesha asiyoyasema.

Fungu la pili ni jina la aliyezikwa. Hapo nenda taratibu. Tongoni ina koo nyingi, na huenda ukoo mwingine unasimulia vingine kuhusu kaburi hilohilo. Ukiandika la kwenu pekee, tena kama habari iliyokwisha thibitika, umewanyang'anya wenzako kaburi bila kukusudia. Kama wapo wazee waliobaki, warekodi. Taja tarehe na mahali mwanzoni mwa sauti, waulize kama wanaridhia, waeleze sauti itakwenda wapi, kisha wakutanishe na mtafiti au mwandishi wa habari ambaye atawasikiliza na kuchapisha kwa jina lake na kwa utaratibu wa kazi yake. Likishachapishwa, makala itasema: "Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo fulani wa Tongoni." Usiandike mwenyewe kwenye blogu yako kisha ukaitaja blogu hiyo kuwa chanzo. Wapo wanaojaribu njia hiyo, nayo hugunduliwa haraka.

Mwanafunzi wa Bagamoyo amejibu:

Mwalimu, naomba niongeze dogo kwa yale ya Mama Mkutubi. Kwetu Bagamoyo jina la mji lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wasemao linatokana na "bwaga moyo" kwa maana ya wapagazi wa misafara waliofika pwani, wakatua mizigo, wakapumua. Wapo wasemao ni mateka waliobwaga mioyo yao hapo, kwa kuwa baada ya bahari hapakuwa na kurudi. Mimi nilifundishwa la pili, nikalifuta la kwanza nikidhani nasahihisha kosa. Nilirekebishwa kwa upole nikaambiwa kwamba pande mbili zenye vyanzo hukaa pamoja, kila moja ikiwa na msemaji wake. Tangu siku hiyo kabla ya kufuta neno la mtu huwa nasoma kwanza ukurasa wa majadiliano.

Jambo jingine: ukitafsiri sehemu ya makala kutoka Wikipedia ya Kiingereza, eleza katika muhtasari kwamba umetafsiri, na utaje makala yenyewe, maana nao ni waandishi wenye haki ya kutajwa. Tafadhali usiipitishe kwenye mashine ya kutafsiri na kuihifadhi vivyo hivyo. Nimewahi kushinda siku nzima nikinyoosha makala moja ya namna hiyo, ambayo vitenzi vyake havikuelewana na ngeli za majina.

Mwalimu wa Chumbageni amejibu:

Shikamoo Mama Mkutubi, na asanteni nyote.

Niliujibu ule ujumbe na kuweka sahihi kama nilivyoelekezwa. Mhariri aliyenitengua alijibu siku ya pili, akaniambia zile sentensi mbili za Vasco da Gama aliziacha kwa sababu zilikuwa na kitabu, akaniomba niongeze nambari ya ukurasa. Sikuwa nimeiandika, kwa hiyo jana baada ya vipindi nilirudi maktaba nikaitafuta. Sentensi ya mwanzo nimeibadilisha kama alivyopendekeza ndugu wa Pangani, nikaiweka kwanza kwenye majadiliano, na haikupingwa.

Kisha nikaenda Tongoni kwa mama mdogo, ambaye ndiye aliyebaki katika watoto wa bibi. Nilimweleza habari ya kurekodiwa, akakubali habari za ubani, za dua ya mvua na za nyimbo zilizokuwa zikiimbwa njiani. Nilipolitaja jina la aliyezikwa akanyamaza, akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea mchele, akaniuliza nimelitamka kwa nani. Nikamwambia nimeliandika kwenye intaneti lakini limeshafutwa. Akasema jina lile halitoki nje ya ukoo, na bibi alitupa sisi tulitunze.

Sasa ninalo swali ambalo sikuwa nalo mwanzo. Ndugu wa Pangani alisema hakuna kinachopotea, kila toleo limehifadhiwa, na nimehakikisha ni kweli: ukifungua historia ya makala jina liko pale, kwa mkono wangu, mara tatu. Limo pia katika ukurasa wangu wa mazoezi nilikozihamishia aya. Linawezaje kuondoka kabisa?

Mhariri wa Pangani amejibu:

Mwalimu, linawezekana, na tulifanye leo.

Mimi na wewe hatuwezi kuficha toleo la zamani, ila mkabidhi anaweza. Anacho chombo cha kuyaficha maandishi ya toleo fulani ili yasionekane kwa wasomaji wala wahariri wa kawaida, na mstari wake katika historia hubaki ukiwa umekatwa. Chombo hicho hakitumiwi kwa sababu tu mtu amejutia alichoandika, kwani kuna mambo machache yanayokubalika, na mojawapo ni ukiukaji wa hakimiliki. Jina la marehemu na ile aya uliyoitoa kwenye tovuti ya utalii uliyahifadhi pamoja, kwa hiyo matoleo hayo yanastahili kufichwa kwa sababu ya aya iliyonakiliwa, na yakifichwa jina linakwenda nayo. Yatafichwa pia matoleo yote yaliyo kati ya siku ulipoongeza na mara zilipoondolewa, mradi yana maneno hayo.

Usiombe jambo hili kwenye ukurasa wa majadiliano, maana utawaelekeza watu kulitazama. Ingia katika ukurasa wa mkabidhi mmojawapo, tumia kiungo cha kumtumia barua pepe, umpe viungo vya matoleo yako matatu, umtajie tovuti uliyonakili, na umweleze kwa ufupi kwamba humo pia mna jina ambalo familia haikuridhia litolewe. Ukurasa wa mazoezi ni wako, hivyo omba ufutwe wote, historia na yote, maana kuyaondoa maneno tu na kuhifadhi upya hakutatosha. Tuma kwanza, kisha urudi hapa unijulishe kama amejibu. Asipojibu hadi kesho jioni, nitakuelekeza kwa mwingine.

Mwalimu wa Chumbageni amejibu:

Nimetuma sasa hivi, saa mbili usiku. Jumamosi ninarudi Tongoni na simu kwa ajili ya picha za msikiti na nguzo, na mama mdogo amesema tutakwenda pamoja ili anionyeshe ni upande upi nisipige.